Supu ya Maua ya Kunde

Juzi mjukuu wangu aliniletea kiondo cha majani ya kunde, maua yakiwa humo humo, na harufu yake ikanirudisha jikoni kwa susu, nyanya yangu wa Kathonzweni.

Alasiri hiyo baba alikuwa anarudi kutoka kazini Mombasa. Susu akanituma shambani nichume majani ya supu. Kwa furaha nilichuma mpaka maua. Susu alitazama kiondo, akanyamaza, kisha akatia yote chunguni, yakaanza kutokota.

“Kunywa, mwanangu,” alimwambia baba. “Binti yako amekuchumia mpaka kunde za mwezi ujao.”

Nikavimba kichwa. Sikujua kwamba ua likishachumwa, kunde hazipo tena, na mvua ilikuwa imekwisha.

Kwa hivyo juzi nilitazama kile kiondo, nikanyamaza, nikabandika sufuria.