Yamebaki Macho Tu

Sitaapa, maana siku hizi ukiapa ndiyo watu wanazidi kukucheka. Nitasema tu ilivyokuwa, na mke wangu angekuwa hai ningemwita hapa aongeze pale nilipopunguza. Yalinikuta mimi mwenyewe, enzi za Mwingereza, njia ya kutoka Butiama kwenda Buhemba, jua likiwa bado juu. Sikuwa nimelewa. Sikuwa na homa.

Kazi yangu ilikuwa rangi. Nilifundishwa na Fundi Ramadhani pale Musoma mjini, mzee wa Kimanyema aliyekuwa akichora maua kwenye vitanda na majina kwenye mitumbwi. Wavuvi wa vijiji vya ziwani walitakaga sato ubavuni mwa mtumbwi, eti samaki akimwona mwenzake hakimbii. Wahindi walitaka vibao vya maduka. Kule Bunda nilipewa ukuta mzima wa kanisa, nikachora malaika ambao waumini walisema wanafanana na wajomba zao. Lakini kilichonipa jina ni sura za watu. Nilikuwa nakuchora kwenye ubao wa sanduku la chai, mama yako akiuona anasema huyu ni mwanangu. Hakuna uchawi hapo. Unamtazama mtu, unaushika uso wake kichwani, unainama unauweka ubaoni kabla haujakuponyoka.

Siku hiyo nilikuwa Butiama, namalizia kibao cha mgahawa wa chai. Akaja mwanamume mrefu, kavaa koti zito kwenye jua lile, akasimama nyuma yangu mpaka nilipogeuka.

"Fundi, nasikia unachoraga watu."

"Nachora."

"Nina dada yangu, njia ya Buhemba. Anataka uso."

Anataka uso. Nilisikia vizuri, ila huku kwetu Kiswahili tunakikuta sokoni tumeshakua, kila mtu anakikunja kwa lugha ya kwao. Nikajua anataka kuchorwa. Nikafunga makopo yangu kwenye baiskeli, nikaikokota tukaenda.

Nyumba ilikuwa ya bati, moja ya zile walizohama watu wa mgodi wa dhahabu. Mlangoni nilihisi kitu hakipo, sikujua ni nini. Baadaye ndiyo nilielewa. Hapakuwa na jivu. Hapakuwa na kuku, wala mtungi, wala harufu ya moshi. Nyumba ya mtu inakosaje jivu?

Huyo dada alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, kanga kichwani, amefumba macho.

"Shikamoo, mama."

Aligeuza kichwa kuifuata sauti yangu, basi.

"Macho yanamsumbua," yule mwanamume akasema. "Wewe anza na mengine."

Sikushangaa. Miaka ile macho yaliwasumbua wengi. Nikaweka ubao magotini, nikamtazama vizuri, nikainama kuchora. Mkono ukasimama. Uso umenitoka. Nikamtazama tena, nikainama, umenitoka tena. Niamini, ndugu yangu, kazi hiyo niliifanya tangu ndevu hazijaota, na haijawahi kunitokea. Nikimwangalia naona kuna mtu. Nikiinama sikumbuki hata kama pua yake ni ndefu au fupi. Kama kuchota maji kwa vidole.

"Chora unayemjua," yule mwanamume akasema. Alikuwa amesimama mlangoni sasa, mwanga umefifia ndani.

Mkono wangu ukaanza kwenda. Ulikwenda vizuri, tena kwa raha, kama unavyokwenda ukichora kitu ulichokizoea. Nikachora kidevu. Nikachora mdomo, na kovu dogo juu ya mdomo. Nikachora pua na mashavu. Hapo ndipo nilipojiuliza, hili kovu nimelitoa wapi?

Lile kovu lilikuwa la mke wangu, Nyangeta. Aliumia kwa jembe alipokuwa msichana, kwao Bugwema.

Nikainua kichwa taratibu. Yule wa kwenye kigoda alikuwa na mdomo wa Nyangeta. Kovu lilikuwa pale pale. Pua ya Nyangeta, mashavu ya Nyangeta, na juu yake macho yaliyofumbwa ambayo hayakuwa ya mtu yeyote. Ngozi tu, imekunjwa kidogo. Nilipofika nilidhani zile ni kope.

Kisha ule mdomo ukafunguka, ukasema kwa sauti ya mke wangu, kwa jina analoniita tukiwa ndani:

"Baba Magesa, yamebaki macho tu."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilichovya kitambaa kwenye tapentaini nifute ule uso ubaoni. Sikufika. Yule mwanamume alinishika kifundo cha mkono kutoka nyuma, na nakwambia sikusikia hatua yake hata moja. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi, kama ganda la muhindi. Akausukuma mkono wangu kwenye brashi, polepole, bila hasira. Yule mwanamke akauchukua ubao magotini mwangu, akaunyanyua mbele ya kifua chake ili nichore vizuri.

Nilimmwagia yule mwanamume kopo la tapentaini usoni. Hakufumba macho, hakupiga kelele, ila aliniachia, nami nikaruka dirishani. Baiskeli niliiacha. Nilikimbia mpaka nikawakuta akina mama wametoka shamba, na mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Lori la mgodi lililokuwa linakwenda mjini likanichukua.

Musoma nilifika giza halijashika sawasawa. Nyumbani kwangu kulikuwa na majirani. Nyangeta amekaa katikati, kajifunika uso kwa kanga, na Bibi Mwajuma, mwuza samaki wa nyumba ya pili, amemshika mabega.

"Tangu mchana," Bibi Mwajuma akaniambia. "Alikuwa anaanika dagaa, mara mdomo umekufa ganzi. Halafu pua, halafu mashavu. Hata uji unammwagikia."

Nilipiga magoti, nikaitoa kanga. Uso ulikuwepo. Nyangeta akanishika mkono, akauweka shavuni kwake, akasema kwa shida, "Nashika lakini sisikii. Kama namshika mtu mwingine." Uso ulimrudia kidogo kidogo usiku ule, kama mguu ulioukalia. Sikumwambia kitu mpaka alipolala akaamka na kucheka vizuri.

Nilirudi kule na Fundi Ramadhani na wanaume wengine. Baiskeli tuliikuta. Makopo tuliyakuta, na kigoda. Ubao haukuwepo. Wenyeji walisema nyumba ile haijakaliwa tangu Wazungu wa mgodi walipoihama. Fundi Ramadhani alisoma dua mlangoni na hakutaka kuingia.

Yangeishia hapo ningeshukuru. Lakini mvua za masika zilipokwisha, Bibi Mwajuma alitoka Bunda kuuza samaki, akaja kwetu amenuna.

"Nyangeta, nimekukosea nini? Unanipita sokoni hunisalimii. Umefumba macho, unaongozwa na mwanamume mwenye koti, mnaulizia fundi wa rangi."

Nyangeta alikuwa anapepeta mtama. Akauweka ungo chini. Toka siku ile hakukanyaga Bunda mpaka anakufa, na mimi sikuchora tena uso wa mtu. Nilichora herufi, birika na samaki. Walioniuliza kwa nini, niliwaambia mkono umechoka.

Mke wangu alizeeka, akafa kitandani kwake, nikamzika kwao Bugwema. Mpwa wangu, aliyekuja msibani, alimwona Nyangeta mwaka uliofuata kwenye barabara ya Bunda. Mwanamke huyo alikuwa kijana, ananiambia, na kovu mdomoni, na macho amefumba. Akaniuliza kama kwao Nyangeta kuna binti wa sura ile. Hayupo.

Kwa hiyo wewe unayeshika brashi, nisikilize. Mwanamume mtaratibu akikuletea picha nzuri ambayo haijamalizika, mwache na picha yake, hata kama ameambatana na mwanamke mpole asiyesema. Usimmalizie. Yule mwanamke ana uso wa mke wangu, na akipata macho sijui atataka kumtazama nani kwanza.