Nimemkatalia Mama Mdogo Katikati ya Hoteli

Leo nimemkatalia mama mdogo mbele ya watu, na sijutii.

Niko Stockholm kwa likizo. Nimetoka Brussels kwa treni, polepole, kila mji nalala hoteli nzuri na kula vizuri.

Asubuhi nilikuwa nakunywa chai hotelini, mama mdogo akaingia. Anaishi Rissne, pembeni mwa jiji hili. Hakuvua hata koti.

"Chukua sanduku twende nyumbani. Mtoto wa dada yangu atalalaje hoteli na mimi niko hai?"

Watu wakageuka. Sisi wa Bukavu hatujui kunong'ona, mnatujua.

Nikamwambia, "Mama, kazi yangu kule Brussels ni kutandika vitanda vya wazee. Wiki hii natandikiwa mimi. Nitakuja kukusalimu, lakini kwenye kochi lako silali."

Nikajua ataondoka, na ukoo mzima utanisusa.

Badala yake akavuta kiti. Mhudumu akamletea kahawa na samaki wa moshi, akamuuliza kama anataka maziwa. Akala taratibu huku akitazama maji nje ya dirisha. Akaniambia miaka yote aliyoishi hapa, hajawahi kukaa akahudumiwa hivi.

Simu yake ikalia. Baba mdogo, mumewe, alikuwa anauliza chai iko wapi.

"Jipikie," akamjibu. "Mimi niko hoteli."

Akakata simu, akaomba kahawa nyingine.

Haya, mnaosema nina majivuno, andikeni hapa chini. Bado tuko mezani, tutawasoma pamoja.