Mama hakufika Bungoma

Mama ametuacha leo asubuhi, na Baba aliendelea tu kumwongelesha.

Tulikuwa tunampeleka hospitali Bungoma kutoka Kitale, sisi watatu kwa ile pikapu ya Baba ya Mjapani. Mama alikaa katikati, ameniegemea.

Barabara ya kwetu ilikuwa matope tupu, lakini pikapu haikukwama.

Baba akaanza kumkumbusha Mama walivyoinunua. Ati wenye pesa siku hizo walikuwa na magari ya Mwingereza, na kila mvua ikinyesha yanasukumwa. Hii ya Mjapani watu waliicheka, wakaiita mkebe. Halafu wakaiona ikipanda Mlima Elgon na magunia ya mahindi, na spea zake ni rahisi. Mwaka uliofuata, majirani wawili wakanunua kama hiyo.

Tukipita Kamukuywa, nikasikia mkono wa Mama umelegea. Hakuwa anapumua.

Niliogopa kumwambia Baba, asije akatuangusha na gari.

Aliongea mpaka Kanduyi, mpaka ndani ya geti la hospitali. Akazima gari, akaniambia polepole, "Nilijua, mwanangu. Tangu Kamukuywa. Nilifikiri labda bado ananisikia."

Bado tumekaa hapa nje.

Nyinyi mngesimamisha gari?