Dakika Nne Alizozikata Baba

Jumanne iliyopita nilikuwa Barking, nyumbani kwa bibi mmoja wa Kizungu ninayemfunga kidonda cha mguu mara mbili kwa wiki. Mimi ni muuguzi wa majumbani. Siku nzima napanda ngazi za watu. Bibi huyo hazimi televisheni, na nimeshazoea kufanya kazi huku watu wakizozana juu ya kichwa changu. Mara nikasikia sauti ya mtu akisema Kifaransa, sauti yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno, na mkono wangu ukasimama na bendeji. Nikainua macho. Ilikuwa filamu ya zamani yenye maandishi ya Kiingereza chini, na aliyeshika usukani wa teksi alikuwa baba yangu, kijana, ana nywele zake zote.

"Huyo ni baba yangu," nikasema.

Bibi akacheka, akanipiga begani. Alidhani natania. Kabla sijamaliza kufunga mguu, baba akapigwa risasi, akalalia honi, na filamu ikaendelea bila yeye.

Siku hizi nimechoka, rafiki yangu, na nikichoka mambo ya zamani hunipata kirahisi. Njia nzima ya kurudi, kwenye basi lililojaa watoto wa shule, mimi nilikuwa Tottenham, ghorofa ya tatu, nina miaka tisa.

Nikuambie kwanza baba alikuwa nani. Alizaliwa Bukavu, na kabla mimi sijazaliwa alikuwa mchekeshaji, redioni na majukwaani, akichekesha kwa Kifaransa. Vita vilipomfukuza akavuka ziwa mpaka Kigoma, akamkuta mama, akamuoa. Miaka michache baadaye tukajikuta London sisi wanne: baba, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mama alikuja na Kiswahili chake cha Kigoma na Kiingereza cha shule, akapata kazi ya kutunza wazee. Baba alikuja na Kifaransa. Mitaa yote ile, hakuna aliyekuwa na haja nacho.

Nyumba yetu ya kaunsili, ya kupangishwa na halmashauri ya mji, ilikuwa na vyumba viwili na dirisha la jikoni lisilofunga vizuri. Harufu ya dagaa ilitoka hapo ikazunguka jengo zima. Jirani wa mkono wa kushoto, mama wa Kijamaika, aligonga ukuta mara mbili kila mama alipokaanga. Halikuwa lalamiko. Alikuwa anaomba abakishiwe, na mimi ndiye niliyempelekea sahani, nikarudi nayo imejaa keki ya tangawizi.

Kila Alhamisi jioni baba alifanya mazoezi sebuleni. Kazi yangu ilikuwa kumpigia pasi suti ya njano. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa kucheka. Hatukuelewa Kifaransa hata kidogo, lakini baba alipoinua nyusi ya kushoto tulijua mahali pa kucheka pamefika, nasi tukaangua kicheko mpaka tukashika mbavu. "Hapo mmewahi," alisema wakati mwingine, amekasirika kweli. "Nipeni nafasi nivute pumzi, ndipo mcheke." Tukarudia. Mpaka leo naweza kukutamkia vichekesho vizima vya baba, neno kwa neno, na sijui vinasema nini.

Ijumaa alipanda basi la masafa marefu pale Victoria, akaenda Brussels au Paris, kwenye kumbi za Wakongo na baadaye za Wazungu. Jumapili alirudi na mikate migumu na chokoleti, sauti imekwisha kabisa. Jumapili alituchekesha kwa mikono tu. Nadhani baba wa Jumapili ndiye niliyempenda zaidi.

Vichekesho vyenyewe vilikuwa sisi. Tulikuja kujua hivyo siku moja sokoni, pale Seven Sisters, dada mmoja wa Kikongo alipomtambua baba, kisha akamtazama mama, akapiga makofi: "Ni wewe! Mama wa sufuria!" Kumbe Paris nzima ilijua kwamba mama huhesabu sufuria zake kila mgeni akiondoka, na kwamba mdogo wangu akisemeshwa Kiswahili hujibu Kiingereza, naye mama hujibu kwa kandambili. Mama alicheka pale sokoni. Nyumbani alizipanga sufuria kabatini polepole, bila kuzihesabu.

Filamu ilianza kwa bahati. Mtu mmoja alimwona jukwaani, akampa ile nafasi ya dereva wa teksi. Baada ya hapo wakamwita tena na tena, na kila mara alikuwa dereva, au mlinzi, au mwanajeshi, au mtu aliye kwenye foleni ya makaratasi, na mara nyingi alikufa. Mdogo wangu alimweleza mwalimu wake kwamba baba ameuawa tena Ubelgiji. Mwalimu akampigia mama simu kazini kumpa pole. Mama alitusimulia jioni ile huku amevua viatu, amenyoosha miguu juu ya kiti, akicheka mpaka machozi.

Lakini baba alichoka kufa. "Mtu anayekufa mwanzoni hana la kusema," alituambia. Akaamua kutengeneza filamu yake mwenyewe, aandike yeye, aongoze yeye. Itakuwa juu ya familia moja London, baba mchekeshaji asiyejua Kiingereza na mama anayefanya kazi. Alipata watu wa kumsaidia kule Ubelgiji, na alitumia mwaka mzima akiandika kwenye meza ya jikoni, kati ya vitunguu na madaftari yetu.

Katika mwaka huo bibi yetu, mama yake mama, alifariki Kigoma.

Ilikuwa mchana wa Jumatano, tumetoka shule. Mama alikuwa anakata mchicha simu ilipolia. Akasikiliza. "Haya," akasema. "Haya, kaka. Nimesikia." Akaweka simu, akamaliza kukata mchicha, akaupika, akatupakulia. Akatuambia kwa sauti ya kawaida kwamba bibi amekufa na watamzika kesho, kisha akasema, "Kuleni kabla hakijapoa." Baba alikuwa na hati yake ya ukimbizi ya kusafiria, lakini makaratasi ya mama na yetu watoto ya kukaa nchini yalikuwa hayajatoka, ukiondoka hurudi. Hilo hata mimi nililijua. Akaingia bafuni, akafunga mlango, tukasikia maji.

Baba alipoingia tukamwambia. Akaelekea bafuni bila kuvua koti. Kutoka mezani nilimwona akisimama mlangoni, mkono umeinuliwa kama anayetaka kugonga. Mdogo wangu akamwaga maji, nikashughulika kuyafuta, na nilipotazama tena hakuwepo. Nilidhani ameingia.

Jioni ileile mama alivaa sare yake ya zambarau, akaenda kwenye shifti.

Baada ya miezi kadhaa walikuja watu wa kamera, watatu, wenye adabu, wakavua viatu mlangoni. Mama alikuwa amekataa kuigiza, kwa hiyo akaletwa dada mmoja kutoka Paris, mwigizaji, wazazi wake Wakongo. Alilala kwetu wiki nzima kumsoma mama. Mama alimfundisha kusonga ugali, kufunga kilemba, kusimama kwa mguu mmoja mtu anapochoka kusubiri basi. Walipatana. Siku moja nilirudi shuleni nikamkuta mtu jikoni amenipa mgongo, amevaa sare ya mama. Nikamkumbatia kiunoni. Alipogeuka alikuwa yule dada, naye akanikumbatia vilevile.

Filamu ilionyeshwa kwanza katika ukumbi mdogo kule mitaa ya makumbusho, wanakokaa Wafaransa wa London. Makaratasi yetu yalikuwa yametoka wakati huo. Mama alivaa kitenge kipya, tukapanda treni, sisi watatu na jirani yetu wa keki ya tangawizi. Watu walicheka vizuri. Sufuria zilipohesabiwa ukumbi mzima ulicheka, mama naye akacheka, akanifinya mkono. Kisha simu ikalia kwenye filamu, na yule dada akaweka kisu.

Nilijua kinachokuja, kwa sababu siku walipokirekodi mimi nilikuwa nyumbani na mama alikuwa kazini. Mama bado hakujua. Yule dada akaingia bafuni, bafuni kwetu, lile zulia letu la kijani, akafungua maji, akakaa sakafuni, akainamia beseni. Akasema kwa Kiswahili, huku Kifaransa kikiandikwa chini: "Mama, si nilikuambia ungoje Desemba? Nilikuwa nimeshakununulia viatu." Akalia. Dakika nne nzima alilia, na ukumbi ukalia naye. Filamu ilipomalizika watu walisimama kupiga makofi. Mama alikuwa ameshachukua mkoba wake. Nikamkimbilia kwenye ujia.

"Alikuwa mlangoni," mama akasema.

"Nani?"

"Baba yako. Maneno hayo niliyasemea ndani ya beseni, maji yanamwagika. Kama ameyajua, basi alikuwa mlangoni. Alisimama mpaka nikamaliza."

Baba akatokea, uso unang'aa. "Mama watoto, umesikia makofi?"

"Mbona hukuingia?"

"Nilikuwa ndani, nimekaa nyuma na..."

"Siku ile. Mbona hukuingia?"

Baba yangu alikuwa na jibu kwa kila mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake. "Sikujua niseme nini," akasema.

"Lakini ulijua kuandika."

Watu wakaanza kutoka, wakimpa mikono. Mama alingoja wapite. "Kitoe hicho kipande," akasema.

"Ndicho kipande pekee cha kweli katika filamu nzima."

"Najua. Kitoe."

Wiki mbili hawakusemezana zaidi ya habari za gesi na shule. Baba alilala sebuleni. Kisha akapanda basi la Brussels, siku ya katikati ya wiki, bila suti ya njano, na aliporudi akamwambia mama amekikata. Mama alimpakulia chakula, akakaa naye mezani mpaka akamaliza kula, jambo ambalo kwa wiki mbili hakuwa amelifanya.

Waliomsaidia baba walimkasirikia. Bila dakika zile, walisema, imebaki filamu ya sufuria. Walikuwa sahihi. Ilionyeshwa huku na kule, ikapotea, na hakuna aliyempa nafasi ya kuongoza tena. Akarudi kufa kwa miaka kadhaa, mpaka nywele zilipopungua na simu zikapungua. Hatimaye alijifunza Kiingereza, akaendesha basi dogo la kupeleka shule watoto wenye ulemavu. Wazazi wa watoto wale waliniambia alikuwa mcheshi. Sikuwahi kumsikia akilaumu.

Mwaka jana jengo letu lilihamwa, linavunjwa. Jirani wa keki alishapelekwa kwa binti yake Birmingham. Nilikwenda kuwasaidia wazazi kufunga mizigo, na tukiwa kati ya maboksi mama akamgeukia baba akamuuliza, kama anayeuliza habari ya mkasi, "Ile sehemu bado unayo?"

Baba alijua papo hapo. "Uliniambia niitoe."

"Najua nilichokuambia. Nauliza kama unayo."

"Nilifuta yote. Nilisimama pale mpaka wakafuta na nakala." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilitaka niweze kukwambia kwamba haipo popote."

Mama akakaa juu ya boksi. Magoti yake siku hizi hayamruhusu kusimama sana. "Nilitaka kumwona yule dada," akasema. "Mimi siku ile sikulia. Nilikuwa na shifti saa kumi na mbili. Nilisema yale maneno, nikanawa uso, nikaenda kazini, na baadaye hata nilipotaka kulia machozi hayakuja. Yule dada ndiye aliyemlilia mama yangu."

Baba akaenda akasimama karibu naye, asijue aweke wapi mikono yake. Nikatoka na boksi moja ambalo halikuwa na haraka yoyote.

Sasa uzio umezunguka pale, na kupitia matundu unaona kifusi na anga. Sijui ningekuonyesha nini nikikupeleka. Jiko lenyewe ni hewa, futi nyingi juu ya ardhi. Nilimtafuta yule mwigizaji, nikampata. Aliacha filamu zamani, anauza nguo za watoto nje kidogo ya Paris. Nikamwandikia kumuuliza kama labda ana nakala, au hata picha. Alijibu vizuri, kwa Kiswahili cha kubahatisha. Nakala hana. Anamkumbuka mama, anakumbuka ugali, anasema mpaka leo anausonga alivyofundishwa. Kuhusu bafuni alisema anakumbuka kwamba sakafu ilikuwa baridi na kwamba walirudia mara nyingi. Alichokuwa akikililia, ameshasahau.

Sijamwambia mama. Nikienda Jumapili nitamwambia tu kwamba dada anamsalimu.