Mwisho Ambao Hatukuufikia

“Yule bibi anafika nyumbani, ama hafiki?”

Nakumbuka mchana ule nilipoulizwa hivyo na Hajati Zamzam, barazani kwake mtaa wa Kibuli. Mwanangu, sina umri wa kukuita hivyo, lakini unaingia kazi ya uandishi niliyoiingia mimi, na mzee wa kazi hii wa kukuusia simwoni.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, naandika habari za michezo ya video. Rajabu, mjukuu wa Hajati, alikuwa mrekodi sauti wa mchezo uliotengenezwa na vijana wachache Namuwongo: bibi anatembea kwa miguu kurudi kwao baada ya vita. Kampuni iliyowafadhili ilituita waandishi hotelini, tukapewa fulana, tukacheza hatua ya kwanza tu, kisha kila mmoja akakimbilia kuandika awatangulie wenzake. Mimi niliusifu mno. Rajabu akafurahi, akanialika kwao chakula.

Nilimweleza Hajati kwamba waandishi hatuna nafasi ya kucheza hadi mwisho. Akacheka, mikono ikiendelea kuambua maharage.

“Basi umesifu mlango, binti, nyumba hujaiingia. Na siku mchezo ukifungwa mtakuja? Ama nyinyi ni watu wa pilau tu, mazishi mnatuachia wenyewe?”

Nilitabasamu kwa adabu. Mzee wa watu, nikawaza, atajua nini habari za michezo?

Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika popote, ndiyo maana methali hiyo siiamini sana. Waliovunjika ni wengine.

Mchezo haukupata wachezaji wa kutosha. Kampuni ikauzima, na kwa kuwa uliendeshwa kwa mtandao, ukatoweka kwenye kila simu. Kompyuta zikachukuliwa pamoja na kila kilichokuwamo. Rajabu na wenzake wakatawanyika. Hakuna mwandishi aliyekwenda kuwaona. Mimi nilikuwa hotelini, kwenye uzinduzi mwingine. Baadaye Hajati naye akafariki.

Mwanangu, umalize mchezo ndipo uuandike. Uliza majina ya waliouchora na walioupa sauti. Mchezo ukifungwa, nenda ukakae nao kama watu wakaavyo matangani. Sikudanganyi kwamba itasaidia. Mhariri atakuuliza nani atasoma habari ya kitu kilichokufa, na huenda msomaji asiwepo. Nenda hivyo hivyo. Mungu akupe subira ya kufika mwisho, akuepushe na haraka yetu.

Ningependa kukuombea kwa dua bora kuliko hii, ila iliyo bora sikuisikia. Miaka ilipita ndipo Rajabu akaniambia: yule bibi alifika. Akasimama mlangoni, akawaombea kwa Kinubi, lugha ya kwao, wote ambao hawakurudi makwao. Sauti ilikuwa ya Hajati. Familia haina rekodi nyingine ya sauti yake zaidi ya ile iliyopotea na mchezo, na katika sisi sote tulioandika, hakuna aliyeisikia.