Kasoro Tuliyoijua Sote

Daftari langu la malalamiko lilirudi kutoka Nairobi likiwa na duara la kahawia kwenye jalada, mahali mtu alipokuwa ameweka kikombe cha chai. Nililifungua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta alama nyingine yoyote, swali pembeni, hata mstari wa kalamu. Hakuna. Kwa miezi mitano nilikuwa nimeandika humo kila neno nililoambiwa na watu waliotumia programu yetu, Migori na Homa Bay, na kazi pekee ambayo daftari lile lilifanya huko Nairobi ilikuwa kuzuia meza ya mtu isichafuke.

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa hiki kama kichekesho. Watu hucheka wakifika hapo kwenye chai. Safari hii sitaki mtu acheke.

Mimi ni mtoto wa duka. Baba yangu alitoka Pwani akafika Migori kabla sijazaliwa, akafungua duka la vitambaa katikati ya mji, karibu na msikiti. Mteja akitoka mikono mitupu, baba alimfuata mpaka mlangoni. "Mama, ulikuwa unataka nini nikakikosa?" Akiambiwa, aliandika kwenye kipande cha boksi, na akirudi kutoka Kisumu alikuwa nacho kile kitambaa. Nililelewa katika maneno hayo. Sikujua kwamba duniani kuna watu wanaouza kwa kuziba masikio.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea mwisho nilisomea kompyuta Kisumu, na kampuni moja ya Nairobi ikaniajiri. Walikuwa wametengeneza programu ya kuweka rekodi za wagonjwa, nao walitaka mtu anayejua Kiswahili na Dholuo, asiyechoka na safari. Kazi yangu ilikuwa kuiweka programu kwenye mashine za hospitali, kuwafundisha makarani, na kila mwisho wa mwezi kuwapa wateja fomu ya maoni. Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza kiliandikwa "Nzuri", cha pili "Nzuri sana", cha tatu "Bora kabisa". Chini hakukuwa na hata mstari mmoja mtupu wa mtu kuandika jambo lake.

Ndiyo sababu nilinunua daftari.

Wa kwanza kuingia katika daftari hilo alikuwa karani wa rekodi wa hospitali moja ya misheni huko Homa Bay, mzee aliyekuwa amekaa kwenye chumba kile na kadi zake za wagonjwa miaka mingi kabla sijajua kusoma. Siku ya kwanza ya mafunzo alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, kisha akasema, "Nyara, naomba kuuliza."

Nyara maana yake "binti yangu" kwa Dholuo. Aliniita hivyo tangu asubuhi ile.

"Uliza, mzee."

"Mgonjwa akija, mashine inamtambuaje?"

"Kwa majina yake mawili, kijiji chake na mwaka aliozaliwa. Vikilingana, inafungua faili yake yenyewe. Huhitaji kutafuta."

Alinitazama kama mtu anayemwangalia mgeni akivaa shati nje ndani. "Wewe umezaliwa hapa Nyanza," alisema. "Hujui sisi tunavyopeana majina? Mtoto wa usiku ana jina lake, wa alfajiri lake, wa mvua lake, wa njiani lake. Leo katika wodi ya akina mama nina wanne wa jina moja. Ukiongeza jina la baba, wanabaki wawili. Na mwaka wa kuzaliwa, wengi wanakisia tu. Wakuria wanaotoka huko Ntimaru nao ni vilevile, majina machache, ukoo mmoja."

Akavuta sanduku la mbao, akachomoa kadi. Kwenye kona ya juu, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika jina la mama mzazi wa mgonjwa. Kila kadi ilikuwa na jina hilo. "Baba wanaweza kufanana majina, kijiji kinaweza kufanana," alisema. "Lakini nikimuuliza mtu mama yake ni nani na alitoka kwa kina nani, sijawahi kuchanganya wawili. Waambie wenzako waweke nafasi ya jina la mama."

Niliandika maneno hayo ukurasa wa kwanza, nikayapigia mistari miwili chini. Zilifuata kurasa nyingine, nyingi kutoka Migori: kwamba stima ikikatika kazi ya asubuhi nzima inapotea, kwamba tarehe zimepangwa kwa namna isiyoeleweka, kwamba herufi kwenye skrini ni ndogo kwa macho ya watu wazima. Daftari lilipojaa nililituma Nairobi kwa basi la vifurushi. Baada ya wiki tatu nikaenda posta kupiga simu Nairobi.

Mkurugenzi mwenyewe alishika. "Nimeliona daftari lako," alisema. "Hawa watu wameiona kompyuta jana, leo watufundishe kazi? Wewe wafundishe. Hukuajiriwa kutuletea manung'uniko."

"Lakini hilo la majina, bwana..."

"Fomu zao zinasema 'Nzuri sana'. Ninazo hapa."

Nilikata simu nikaenda kwa mzee wa rekodi nikamwambia kwamba jambo lake linashughulikiwa. Ndivyo nilivyomwambia. Linashughulikiwa.

Kisha ikaja amri nyingine kutoka Nairobi: masanduku ya kadi yaondolewe kwenye chumba cha rekodi, ili makarani waache tabia ya zamani na wazoee mashine. Mzee alikataa kuyabeba. Niliyabeba mimi, sanduku baada ya sanduku, mpaka stoo ya nyuma, na msimamizi wa hospitali akafunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni mwake. Mikono yangu mwenyewe.

Haukupita mwezi. Asubuhi moja mwanamke wa kutoka upande wa Rangwe alifika hospitalini na kidonda mguuni kilichokuwa kimeanza kuoza. Alitaja majina yake, kijiji na mwaka. Mashine ikafungua faili, ikatoa karatasi. Mzee aliniambia baadaye kwamba roho yake ilisita, akataka kuangalia kadi, akakumbuka kadi ziko stoo na mwenye ufunguo yuko mjini. Foleni ilikuwa imefika kwenye geti. Akampa mwanamke ile karatasi.

Kule kwenye chumba cha sindano, mwanamke alimwona sista akivuta dawa akamuuliza ni dawa gani. Alipoambiwa alisema, "Hiyo iliniangusha nikiwa na mimba ya pili. Mliniandikia hapa hapa."

Sista akasoma karatasi. "Hapa hakuna kitu kama hicho, mama. Kompyuta inaonyesha huna shida na dawa yoyote."

Karatasi ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke mwingine wa majina yale yale, wa kijiji kile kile, aliyezaliwa mwaka ule ule. Sista akamchoma. Kabla hajafika kwenye benchi uso ulikuwa umevimba, macho yamefungika, pumzi inatoka kwa filimbi. Kama daktari asingekuwa chumba cha pili angekufa pale sakafuni mbele ya watoto wa watu. Alikaa wodini siku kumi na mbili.

Mzee wa rekodi alisimamishwa kazi kesho yake. Kutoka Nairobi ikaja barua kwenye karatasi nzuri nzito, ikisema kwamba uchunguzi wa kampuni umebaini kosa la mtumiaji.

Uchunguzi gani? Hakuna mtu aliyekuwa amekanyaga Homa Bay. Nilisimama tena kwenye simu ya posta nikamtafuta mtaalamu aliyeandika programu, mtu mpole tuliyekuwa tumeonana mara moja tu. Nilimsomea ile barua.

"Si kosa la karani," alisema kwa sauti ya chini. "Programu ndivyo inavyofanya. Ikipata wanaolingana inafungua wa kwanza, na haisemi kwamba kuna mwingine."

"Umejua leo?"

"Hospitali nyingine ilituambia kabla hujaajiriwa."

"Kabla sijaajiriwa?"

"Nilitaka tuwaandikie wateja wote. Mkurugenzi akasema tukiwaambia watairudisha. Akasema tutarekebisha kimyakimya katika toleo jipya."

Kwa hiyo siku ile mzee alipochomoa kadi yake na kunionyesha wino mwekundu, alikuwa ananiambia jambo ambalo lilikuwa tayari limelala kwenye droo ya mtu Nairobi. Walijua. Walimwacha mzee wa watu azungumze kama mpumbavu, na mimi niandike kama mpumbavu, na walijua.

Kamati ya hospitali iliitisha mkutano, na mkurugenzi akaja kwa gari kutoka Nairobi. Alinikuta kwenye baraza, akanipa bahasha nene. "Wewe leo kazi yako ni kutabasamu na kugawa hizi," alisema. Zilikuwa fomu mpya. Zilikuwa na visanduku vinne sasa.

Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisikitika. Alisema teknolojia inahitaji subira na kwamba kampuni itatoa mafunzo zaidi bila malipo kwa makarani. Mzee wa rekodi alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, amevaa koti lake la kanisani, kofia magotini. Hakuna aliyemuuliza neno. Nilimwangalia anavyoizungusha ile kofia, nikajikuta nimesimama.

"Mwenyekiti, naomba niwaonyeshe," nilisema. Mashine ilikuwa mezani pale pale kwa ajili ya maonyesho. Nikamwomba matroni anitajie majina, kijiji na mwaka wa wanawake wawili wa wodini wanaofanana kwa hayo yote. Hakuchukua hata dakika. Nikaandika. Ikafunguka faili moja. Nikafunga, nikaandika tena kwa niaba ya yule wa pili. Ikafunguka ile ile.

"Huyu karani aliliona hili siku ya kwanza," nilisema. "Alitwambia, na nikaandika, na daftari likaenda Nairobi. Na kampuni ilikuwa imeambiwa hata kabla yake."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akamgeukia mkurugenzi. "Ni kweli mlijua?"

"Mama, kila programu duniani ina kasoro zake ndogondogo."

"Sijakuuliza ukubwa wake. Nimekuuliza kama mlijua."

Mkurugenzi alianza kukusanya karatasi zake.

Nilifutwa kazi kabla gari lake halijatoka getini, kupitia dirisha lililoshushwa nusu. Mzee alirudishwa kazini wiki iliyofuata. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kudai ufunguo wa stoo. Baadaye lilikuja lile toleo jipya, na ndani yake kulikuwa na nafasi ya jina la mama. Kipeperushi chake kilisema ni "ubunifu wa wataalamu wetu". Mzee alinionyesha, akacheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Walichukua akili ya mtu aliyesimamishwa kazi kwa kosa lao wakaiuza kwa kipeperushi cha rangi nne, na jina lake halikuwa popote, wala neno la samahani.

Nilienda Rangwe kumwona yule mwanamke. Nilimkuta uani anaanika mtama, mguu bado umefungwa kitambaa. Nilijitambulisha, nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nilikuwa nimechoka na watu wanaojua na hawasemi. Aliendelea kutandaza mtama kwa kiganja.

"Wewe uliambiwa lini?" aliuliza.

"Siku ya kwanza, dada. Karani aliniambia."

"Na ukamjibu nini?"

"Nilimwambia linashughulikiwa."

Alinyanyuka polepole akanitazama. "Mimi nilimwambia sista kwa mdomo wangu. Mzee alikwambia wewe. Wewe ukawaambia wa kwenu. Watu wote hawa walisema, na bado sindano ikaingia kwenye mwili wangu. Ulipoona hawakujibu, kwa nini hukuja kwa wakubwa wa hospitali ukasema siku hiyo hiyo, badala ya kungoja nianguke?"

Jibu ninalo sasa, nalo ni baya: niliipenda kazi, na nilipenda kuitwa mtu wa kompyuta. Sikulisema. Alinipa stuli nikae, kwa kuwa mgeni ni mgeni, lakini hakunikaribisha chai wala maji. Alirudi kwenye mtama wake. Nikakaa, kisha nikamuaga. Aliitikia bila kugeuka, akamwita binti yake aje kufukuza kuku.