Poda Kabla ya Diploma

Kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, anayepata diploma ya sekondari humwagiwa poda kichwani, na kina mama hupita naye barabarani wakiimba. Mimi sikungoja diploma. Binti yangu aliposhika nafasi ya kwanza katika muhula wa kwanza wa darasa la sita, mwaka wa mwisho wa sekondari, nilinunua kopo la poda nikammwagia mbele ya majirani. Nilikuwa nimerudi mikono mitupu kutoka Lulimba, na kabla ya hapo Uvira, na Kalemie, kila mahali nilipodhani maisha yananingoja. Nilitaka mtaa uone kitu kizuri kilichotoka kwangu.

"Mama dokta!" wakamwita. Siku hiyo alicheka.

Zamani alisoma kwa kupenda. Alikuwa akirudi kutoka kufua nguo ziwani na konokono mkononi, ananieleza jinsi konokono huyo anavyopumua bila mimi kuuliza. Baada ya poda, hadithi zile zikaisha. Alisoma kama mtu anayetwanga mihogo ya wengine. Nilimwona akirudia ukurasa mmoja asubuhi nzima, nilimwona akisinzia na kijiko mkononi.

"Kaza, mama," nilimwambia. "Mutaa muzima inakuangalia." Nilidhani namtia moyo.

Asubuhi ya mtihani wa taifa, ule wa diploma, alivaa sare, akakaa kizingitini, hakuinuka.

"Papa, siende."

"Ni woga tu. Simama."

"Haiko woga. Kichwa iko tupu. Nilikuambia tangu Pasaka, ukasema nikaze."

Ni kweli, aliniambia. Wenzake walipita wakamwita, akatikisa kichwa. Jirani yetu, mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akasimama na beseni lake.

"Na mama dokta? Banaanza bila yeye?"

"Malaria, mama," nikajibu upesi. "Imemupiga usiku."

Binti yangu akaniangalia.

Yule mama akatua beseni, akaenda kwake, akarudi na kikombe cha majani machungu yaliyochemshwa. "Kunywa yote, mutoto wangu. Ingine iko ku sufuria." Akasimama hapo, mikono kiunoni, akingoja kikombe chake.

Binti yangu akanywa. Hakukunja hata uso. Alimeza uchungu ule kwa ajili yangu, kama alivyomeza mwaka mzima wa masomo. Nikamnyang'anya kikombe kabla hajakimaliza.

"Vipi, papa? Na we unagonjwa?" yule mama akaniuliza.

"Hapana, mama. Haiko malaria. Mutoto amechoka na masomo. Ni mi nilimuchosha."

"Kuchoka na masomo?" Akacheka mpaka akajishika tumbo. "Na mi naye nimechoka na ndagala, nani atanipa konje nipumuzike?" Akamwita dada yake ng'ambo ya uzio aje asikie.

Uso uliniwaka. Binti yangu akavua viatu vya shule, akaingia ndani kulala. Nikakaa kizingitini mahali pake, nikawajibu mimi ukweli ule ule wote waliopita wakimuulizia.